Mkanda wa gari la kale: Chuma kihifadhi, utepe ubadili

JE, msomaji, unalo gari la zamani ulilorithi kwa baba, au ulilolitoa majanini ukalifufua kwa jasho lako? Pengine ni Volkswagen lile la mgongo wa kobe, Peugeot 404 au Mercedes ya miaka ya sitini. Rangi inang'aa, injini hainguruma ovyo na viti vimeshonwa upya. Jumamosi watu hukubembeleza ulitoe limbebe bi harusi. Lakini je, umeukagua mkanda wa usalama?

Wengi huupangusa vumbi tu, wakafurahi kwamba ni ule ule uliotoka na gari kiwandani. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Mkanda ni kifaa kinachoweza kuonekana kizima hali nguvu zake zilikwisha zamani.

Mkanda wa leo, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo huko Uswidi. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kuunda viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege inapopatwa na ajali. Mnamo 1959 Volvo ilianza kuuweka mkanda huo katika magari yake ya Amazon na PV544, tena ikayaruhusu makampuni mengine kuutumia uvumbuzi huo. Wapenzi wa Safari Rally hawana haja ya kuelezwa PV544 ni gari gani. Ndilo aina ya gari alilotumia Joginder Singh, pamoja na nduguye Jaswant, kushinda mbio hizo mwaka wa 1965.

Magari mengi ya enzi hizo hayakuwa na mkanda wowote. Kwa hivyo ukiwa nao wa asili, una kitu cha thamani. Swali ni: uhifadhi nini, na utupe nini?

Utepe huzeeka

Utepe wa mkanda hufumwa kwa nyuzi za nailoni au poliesta. Jua ndilo adui yake mkubwa. Gari likiegeshwa juani mwaka baada ya mwaka, miale huzidhoofisha nyuzi hizo polepole. Ongeza jasho, mafuta, maji ya betri na kusuguliwa na chuma, nawe utaelewa kwa nini utepe wa miaka hamsini haufai kuaminiwa.

Fikiria kazi unayongojewa kuifanya. Mtu wa kilo 70 akiwa katika gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha asimamishwe ghafla katika nafasi ya nusu mita, mkanda hulazimika kuhimili nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Hiyo si kazi ya kitambaa kilichochakaa.

Uvute utepe wote nje, kisha ulinganishe sehemu iliyofichika na ile iliyokuwa ikipigwa na jua. Ukiona rangi imepauka, ukingo una manyoya au mkato, utepe umekakamaa, au nyuzi za mshono zimekatika, usibishane nao. Aidha, mkanda uliokuwa umevaliwa gari lilipopata ajali haufai tena hata kama hauna alama, kwani nyuzi zake zilikwisha kunyooshwa.

Usimpelekee fundi viatu

Habari njema ni kwamba vyuma vinaweza kuokolewa. Kifungio, ulimi wake na vibao vya kushikilia, ikiwa havijapasuka, havijapinda wala kuliwa na kutu, vinaweza kusafishwa na kurudishwa. Huko Uingereza na Marekani wapo mafundi wa kazi hii tu: unawatumia mkanda wako, wanatia utepe mpya wa rangi na upana ule ule, nao wanakurudishia na vyuma vyako.

Kabla ya kuutuma, piga picha, pima urefu wa kila kipande na uandike ulikuwa wa upande gani. Lebo ya zamani ihifadhi. Usikubali ishonwe juu ya utepe mpya kana kwamba bado inauthibitisha.

Usimpe kazi hii fundi viatu au mshona viti, hata awe hodari namna gani. Mshono wa mkanda una uzi wake, mashine yake na mpangilio wake, na baadaye hupimwa nguvu. Usiutie rangi ya nguo wala dawa ya kung'arisha. Mkanda ulio mzima unaoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kisha unaanikwa kivulini.

Ikiwa mkanda wako hujikunja ndani ya kikasha, usikifungue: springi iliyomo inaweza kukujeruhi. Vikasha vingine hujifunga ukivuta kwa ghafla. Vingine hutegemea kipande cha chuma kinachocheza ndani gari linapopunguza kasi au kuinama. Ndiyo maana lazima kirudishwe kwa pembe ile ile kilichokuwa nayo.

Isitoshe, mkanda mpya hauna maana ukifungwa kwenye sakafu iliyooza. Inua zulia utazame kutu. Tumia bolti za mikanda, si bolti yoyote ya kuokota gereji. Na kama gari halikutengenezewa mahali pa kufungia, usitoboe bati na kuridhika: linahitaji kibao cha chuma cha kuliimarisha kutoka chini, la sivyo bolti itang'oka na bati lake.

Na gharama je?

Pengine pesa za kutuma ng'ambo hazipo. Basi nunua mkanda mpya wenye alama ya herufi E ndani ya duara, uufunge vizuri, na ule wa asili uutie kwenye sanduku pamoja na vitabu vya gari. Siku ya maonyesho utautoa watu wautazame. Siku ya safari utafunga ule mpya.

Urithi wa gari ni jambo la fahari, lakini mrithi wake ndiye aliyeketi pale kiti cha nyuma. Naye pia, mtafutie mkanda.