Mapera na Shira ya Sukari

Leo twapenda kueleza jinsi tunda kali na sukari vinavyosaidiana jikoni. Katika Marekani ya Kaskazini mna tunda dogo jekundu liitwalo kranberi. Ugwadu wake ni mwingi, lakini likichemshwa kwa sukari huganda likawa kitoweo kizuri. Huku Nyamisangura, wilayani Tarime, twatumia mapera, nayo yana tabia iyo hiyo. Ni hasara kuyaacha yaoze chini ya miti, ilhali msimu ukipita watoto watayatamani.

Chagua mapera yaliyoiva, uchanganye na machache yasiyoiva sana, kwani hayo yana pektini nyingi, yaani nguvu ya kugandisha. Yaoshe, yakate, tia maji ya kuyafunika tu, uyachemshe hata yalainike. Kisha yachuje kwa kitambaa safi bila kukamua. Kwa kila vikombe 4 vya maji hayo, tia vikombe 3 vya sukari na maji ya ndimu 1, uchemshe kwa moto mkali huku ukikoroga.

Yaiva lini? Vitabu vya ng'ambo husema ni joto la digrii 105. Lakini Ziwa Viktoria lina kimo cha mita 1,134 juu ya bahari, na Tarime i juu zaidi. Mahali pa juu maji huchemka kabla ya digrii 100. Basi tusifuate kipimo hicho. Dondosha tone katika sahani baridi, ulisukume kwa kidole: likikunjamana, ipua mara moja. Mimina ingali moto katika chupa zilizochemshwa dakika 10, uzibe.

Sukari huyashika maji ya tunda, hata ukungu ukakosa maji ya kuuotesha. Kwa hiyo mwenye kuipunguza hupata shira nyepesi, tamu leo, na baada ya siku chache imeharibika. Asiye na sukari ya kutosha na apike mapera machache, wala asipunguze kipimo.

Wengine hutia asali badala ya sukari. Yafaa kwa wakubwa. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali kamwe, hata iliyopikwa, maana yaweza kuwa na vijidudu visivyokufa kwa kuchemshwa, navyo humlegeza viungo na kumzuia pumzi.

Msimu ujao, basi, na tuanze kwa sufuria moja ndogo.