Picha kubwa haiingii kwenye skana: jinsi ya kuiweka kwenye kompyuta kabla haijaondoka



Leo naomba tuongelee kitu ambacho wachoraji wengi hapa Bongo wanakikumbuka wakati kimeshaharibika. Mtu anachora bango la saluni au picha kubwa ya Tingatinga wiki nzima. Bango linapigwa jua na mvua, mwisho ukuta unapakwa rangi upya. Picha nayo inanunuliwa na mtalii, inaviringishwa kama mkeka, inapanda ndege. Baada ya mwaka anakuja mteja: "Nataka ile ile, nitolee kadi, fulana na bango la mita tatu." Mchoraji ana nini mkononi? Ana picha ya simu iliyopigwa upande upande, ina doa jeupe la flashi katikati.

Hoja yangu ni moja tu: kazi kubwa ipigwe picha ya maana siku rangi inapokauka, na faili abaki nalo mwenye mkono uliochora. Si lazima uwe na mashine ya mamilioni.

Kwanza tuelewane kuhusu hesabu. Picha ya kompyuta imejengwa kwa nukta ndogo ndogo, yaani pikseli. Kitu cha kushika mkononi, kama kadi au kitabu, kinataka nukta 300 kwa kila inchi ili kitoke safi. Posta ya ukutani inaridhika na 150. Bango la kutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara linaweza kushuka hadi 72 na bado watu wasigundue kitu.

Sasa chukua picha iliyotumwa kwa WhatsApp ikabanwa mpaka ikabaki na upana wa pikseli 1,600. Ukiivuta iwe bango la mita 3 unapata nukta 13 na ushee kwa kila inchi. Hapo hata mpita njia ataona vipande vya mraba kama vigae vya bafuni. Ndiyo maana mafundi wa kuprinti wanalalamika kila siku. Kama ni lazima utume kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, hapo haibanwi.

Mfano mwingine: picha ya sentimita 120 kwa 80. Ukitaka kuitoa kwa ukubwa ule ule kwa nukta 300, unahitaji pikseli 14,173 kwa 9,449, yaani kama megapikseli 134. Simu ya megapikseli 12 haifiki huko kwa pigo moja. Lakini ukiridhika na nukta 150, simu hiyo hiyo inaweza kwa kupiga vipande sita, safu mbili za vipande vitatu, kisha unaviunganisha.

Na msidhani kuunganisha vipande ni ujanja wa watu wasio na hela. Jumba la makumbusho la Rijksmuseum kule Amsterdam lilifanya hivyo hivyo kwa mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642 unaoitwa De Nachtwacht, ambao una upana wa zaidi ya mita 4. Mwaka 2020 walitoa picha iliyounganishwa kutoka vipande 528, safu 24 za vipande 22. Mwaka 2022 wakatoa nyingine ya vipande 8,439, jumla pikseli bilioni 717. Kanuni ni ile ile, tofauti ni mfuko tu.

Haya, tuingie kazini.

1. Kamera itazame picha uso kwa uso. Ukiinamisha kidogo tu, mraba unakuwa kama ungo uliobonyea. Njia rahisi: bandika kioo kidogo bapa katikati ya mchoro, kisha tazama kwenye kamera. Ukiiona lenzi yako katikati ya kile kioo, umenyooka. Ondoa kioo, endelea.

2. Zima flashi. Hapa Tingatinga ina kesi yake. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianza kwa rangi za kung'aa zile za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi, na wengi waliomfuata wameendelea na rangi za namna hiyo. Zinarudisha mwanga kama kioo. Weka taa mbili za aina moja, moja kushoto na moja kulia, kila moja ikitokea pembeni kwa nyuzi 45. Kama taa huna, tumia kivuli cha baraza wakati wa mchana. Jua la moja kwa moja hapana, na usichanganye taa ya umeme na mwanga wa dirishani, rangi zitagombana. Chini ya mwembe napo hapafai, majani yanatia ukijani.

3. Umbali usibadilike. Simamisha kamera kwenye stendi, sogeza kamera (au mchoro) kwa mstari ulionyooka, na kila kipande kipande juu ya mwenzake kwa theluthi moja. Funga fokasi na mwanga visijibadilishe vyenyewe. Tumia taima ili kidole kisitikise. Usitumie ile lenzi pana ya simu, inapinda kingo.

4. Kwenye pigo la kwanza weka karatasi nyeupe na rula pembeni ya mchoro. Karatasi itakusaidia kurekebisha rangi, rula itakukumbusha ukubwa halisi.

5. Kuunganisha: programu ya Hugin ni ya bure na inafanya kazi hii vizuri. Mwenye Photoshop nayo inaweza.

6. Hifadhi faili kuu kama TIFF. JPEG iwe ya kutuma tu, maana kila ukiirekebisha na kuihifadhi upya inapungua ubora. Weka nakala sehemu mbili tofauti. Flashi diski moja si ghala.

Skana ya A4 je? Inafaa kwa michoro ya karatasi iliyo bapa, unaskani vipande kwa vipande. Lakini rangi nene au isiyokauka usiilaze kwenye kioo, utaharibu mchoro na skana kwa pamoja.

Kuhusu mabango ya maandishi kuna hatua ya ziada. Ukishapata picha nzuri, unaweza kuchora herufi upya juu yake kwa Inkscape, nayo ni ya bure. Hapo zinakuwa vekta, mistari ya hesabu badala ya nukta, unazikuza hata ziwe kubwa kama ghorofa bila kuchakaa. Ila fuata mkono wa mchoraji. Ukifuta ile "S" yake yenye mkia ukaweka fonti ya kompyuta, umeshatengeneza bango jingine, si lile mteja alilolipenda.

Halafu kabla ya kulipia mita nzima, omba kipande kidogo cha majaribio. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga, wino hautoi. Yale machungwa na mabluu yanayowaka mara nyingi hufifia kwenye fleksi, bora ujue mapema.

La mwisho ndilo linaloniuma. Nimeshuhudia mchoraji akipeleka ubao wake sehemu ya kuprinti, wakaupiga picha, wakamtolea kopi zake, alipoomba faili akaambiwa "faili ni la ofisi". Baadaye simba wake akaonekana kwenye fulana zisizo na jina lake wala senti yake. Wadau, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuuza picha si kuuza ruhusa ya kuichapisha. Kwa hiyo kabla hujavua ubao begani, kubalianeni kwa maandishi: faili ni la nani, na utaondoka nalo leo. Nawe mwenye duka, bango kuwa ukutani kwako hakukupi haki ya kulizalisha bila kumuuliza aliyelichora.

Kazi ya wiki nzima haishindwi kupata saa moja ya kamera. Mwenye swali, au mwenye njia bora kuliko yangu, aiweke hapo chini tuelimishane.

Nawasilisha.