Nyumba ya Mtaa wa Pearse

Aghalabu jumba la makumbusho huhifadhi vitu ambavyo wanazuoni wamekwisha kuvijua na kuvipa majina, na maabara hushughulika na mambo ambayo hata wanazuoni wenyewe bado wanayatafuta; kwa sababu hiyo mlango wa jumba huachwa wazi kwa kila raia, mkubwa kwa mdogo, na mlango wa maabara hutiwa kitasa, wasiingie ila wenye ruhusa. Mwezi wa Februari 2008 Chuo cha Trinity katika mji wa Dublin, chuo kikongwe cha Ayalandi kilichoasisiwa mwaka 1592, kilifungua katika Mtaa wa Pearse nyumba iliyokusudiwa kukiondoa kitasa hicho. Iliitwa Science Gallery. Haikuwa na hazina ya vitu vya kale wala picha za kudumu ukutani. Iliteua mada moja, ikatoa mwito kwa wasanii, wanasayansi na wahandisi walete mapendekezo yao, ikachagua, ikaonyesha kwa muda wa miezi michache, kisha ikaondoa yote na kuanza upya.

Mkurugenzi wake wa kwanza, Michael John Gorman, alikuwa mtaalamu wa tarihi ya sayansi. Kiingilio kilikuwa bure. Walioalikwa hasa ni vijana wa miaka 15 hadi 25, umri ambao mtu amekwisha kuchoshwa na michezo ya watoto na bado hajapewa nafasi katika baraza la wakubwa. Ukumbini walisimama vijana wenzao, wengi wao wanafunzi wa chuo, ambao kazi yao haikuwa kulinda vitu visiguswe, bali kuzungumza na mgeni, kumwuliza aonavyo, na kujadiliana naye kwa adabu. Yamkini msomaji ataliona hili kuwa jambo dogo. Mimi naliona ndilo msingi wa nyumba nzima, kwa maana mtu aliyeulizwa rai yake juu ya jambo lisilo na jawabu bado huondoka akilitafakari, hali mtu aliyepewa jawabu huondoka akiwa amemaliza.

Fikra hiyo ilikuwa na watangulizi. Mwaka 1966 mjini New York mhandisi Billy Klüver wa maabara za Bell na msanii Robert Rauschenberg waliwakutanisha wasanii kumi na wahandisi wapatao thelathini, na kazi zao zikaonyeshwa hadharani kwa usiku tisa. Miaka mitatu baadaye, katika mji wa San Francisco, mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua jumba la Exploratorium. Huyu ni mdogo wake Robert Oppenheimer, aliyeongoza kazi ya bomu la atomiki, na yeye pia alishiriki katika kazi hiyo. Mwaka 1949 alipoteza nafasi yake chuoni kwa kuwa aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti, akaenda kufuga ng'ombe huko Colorado, kisha akafundisha shule ya sekondari, na huko ndiko alikothibitisha kwa macho yake kuwa mwanafunzi hufahamu kile anachokishika kwa mikono. Alipopata jumba lake aliwaita wasanii waje kufanya kazi humo bega kwa bega na wanafizikia, akiamini kwamba msanii naye ni mchunguzi wa maumbile, sawa na mwenye darubini.

Lakini katika yote niyajuayo juu ya nyumba za namna hii, hakuna lililonivuta kuliko onyesho la Dublin la mwaka 2009 lililohusu maambukizi. Mgeni alipoingia alipewa kidude cha redio akivae kifuani. Vidude hivyo vilipelekeana ishara hafifu mno, hata mwili wa binadamu wenyewe, kwa maji yaliyomo ndani yake, ukaweza kuzizuia; basi havikutambuana ila pale watu wawili walipoelekeana uso kwa uso, kwa umbali wa mita moja au moja na nusu hivi. Mitambo iliyofungwa ukumbini iliandika, kwa vipindi vya sekunde 20, ni kidude gani kimekabiliana na kipi, na ugonjwa wa kubuni, usiodhuru mtu, ukaachiwa upite kutoka kidude hiki hadi kile kadiri watu walivyosimama kuzungumza. Waliouandaa mpango huo ni watafiti wa kundi la SocioPatterns, wengi wao wa Italia na Ufaransa. Nayo kadari ilitaka onyesho lifunguliwe mwezi wa Aprili, mwezi ule ule ambao homa mpya ya mafua ilitambuliwa Mexico na Marekani. Kabla ya onyesho kufungwa, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kutangaza, tarehe 11 Juni, kwamba homa hiyo imeenea ulimwenguni.

Wageni zaidi ya 14,000 walivaa vidude hivyo. Watafiti walipolinganisha makutano yao na yale ya mkutano wa wataalamu uliofanyika Turin mwaka huo huo, walikuta tofauti kubwa: mkutanoni watu wale wale walirudi kuonana tena na tena hata wakawa fundo moja, bali jumbani watu walipita kama maji ya mto, na aliyefika asubuhi hakuonana kamwe na aliyefika jioni. Likadhihirika pia jambo ambalo kwa mtu asiye mtaalamu ni la thamani kubwa. Tuseme Asha alizungumza na Juma saa nne, na Juma akazungumza na Salma saa tano; ugonjwa wa Asha waweza kumfikia Salma. Lakini iwapo Juma alionana kwanza na Salma, ndipo akaonana na Asha, njia ya kutoka kwa Asha hadi kwa Salma haipo, ijapokuwa mchoro wa makutano utawaonyesha wote watatu wakiwa wameunganishwa kwa nyuzi zile zile. Wakati una mwelekeo mmoja, na mwenye kuhesabu maambukizi pasipo kuuhesabu wakati hukosea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011, na takwimu zenyewe, zisizo na jina la mtu, zikatolewa bure kwa kila mwenye kutaka kuzichunguza.

Hapa sanaa haikuwa pambo lililobandikwa juu ya sayansi ili ipendeze. Pasipo onyesho la kuvutia, ni mtafiti gani angewapata watu elfu kumi na nne waje kwa hiari na kuvaa kidude kifuani? Na pasipo kidude, onyesho lingebaki kuwa picha tu za maradhi, na mgeni asingehisi kuwa mwenyewe ni sehemu ya jambo alitazamalo.

Mwaka 2011 nyumba hiyo ilithubutu zaidi. Oron Catts na Ionat Zurr, wa maabara ya sanaa ya SymbioticA iliyokuwa katika Chuo Kikuu cha Australia Magharibi, mjini Perth, walisimamia onyesho la kazi zenye uhai. Palikuwa na nguzo za mitambo zilizochora mistari kwa amri ya seli za ubongo wa panya, seli zilizokuwa zikiishi katika sahani ya maabara huko Atlanta, Marekani. Nyendo za wageni kati ya nguzo zilirudishwa kwa seli hizo kupitia intaneti, nazo zikajibu. Miaka miwili baadaye ililetwa jibini iliyogandishwa kwa bakteria waliochukuliwa katika miili ya watu, haikuwa ya kuliwa.

Wapo waonao mambo haya kuwa karaha, na mimi siwalaumu, kwa kuwa nami nina mashaka juu ya haki ya mtu kuifanya seli hai chombo cha maonyesho. Hata hivyo seli hizo hukuzwa kila siku katika maabara ambazo raia hazioni, kwa fedha ambazo mara nyingi ni za raia, na chukizo lenye kujitokeza hadharani ni bora kuliko ridhaa ya wasiojua.

Mwanzoni mwa 2022 nyumba ya Mtaa wa Pearse ilifungwa. Chuo kilitaja hasara ya fedha, na maradhi ya korona yalikuwa yamewazuia wageni. Wasanii na wanasayansi walipinga kwa barua na kwa kauli, haikufaa kitu. Naona huzuni kwamba hesabu ilifanywa kwa fedha peke yake. Lakini kabla ya hapo jina na utaratibu wake vilikuwa vimekwisha kuvuka bahari: London, karibu na hospitali ya Guy's, Chuo cha King's kilifungua nyumba ya jina hilo mwaka 2018, nayo ikaanza na onyesho juu ya uraibu, likiwa bure kwa kila aingiaye.