Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Uganda, akishaupita mji wa Nakuru, huanza kupanda mlima. Joto la pwani amelisahau zamani. Sasa ni baridi, ukungu na mashamba ya viazi. Huko ndiko iliko Sachangwan, kando ya barabara kuu, upande wa Molo. Wengi wetu tulilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipopinduka hapo, watu wakaja kuchota, na moto ukawaka. Waliokufa walizidi 100. Wasiotambulikana walizikwa katika kaburi la pamoja, na katika walionusurika wapo waliorudi makwao na viungo visivyofanya kazi tena. Hujafa hujaumbika.

Siku zile taifa zima lililia, na misaada ikatolewa. Ndivyo tulivyo wanadamu: moto ukionekana, kila mtu hukimbia na ndoo yake. Lakini, ndugu msomaji, upo moto mwingine usiotoa moshi. Huo huwaka ndani ya nyumba moja moja, Sachangwan na huku kwetu Likoni pia: nyumba yenye mtoto asiyeweza kuketi, kula wala kwenda msalani bila ya mkono wa mtu.

Hebu tupige hesabu ya nyumba hiyo. Kule juu kazi ya mama asiye na shamba ni kibarua cha kupalilia na kuvuna viazi. Akienda shambani, mtoto abaki na nani? Asipokwenda, chakula kitoke wapi? Basi ujira umekwisha kupotea kabla matumizi hayajaanza. Kisha yaje matumizi yenyewe: nauli ya hospitali, dawa za kifafa zisizotakiwa kukosekana hata siku moja, nepi za mtoto wa miaka 10, na kiti cha magurudumu ambacho humbana kila akikua. Nakuru ipo shule ya viziwi ya Ngala, na ipo Nakuru Hills kwa watoto wenye ulemavu wa akili, kama sisi tulivyo na Port Reitz na shule ya vipofu ya Likoni. Lakini shule nayo ina gharama zake, na bweni si jepesi kumpokea mtoto asiyejiweza kabisa.

Serikali haikulala. Tangu 2011 Kenya ina mpango wa kuzilipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa saa zote, na mlezi ndiye apokeaye fedha hizo. Kiasi chake ni Sh 2,000 kwa mwezi. Ni jambo jema. Lakini zigawe kwa siku 30, utapata Sh 66 na ushei. Tena kwa miaka mingi kaya zilizofikiwa zilikuwa kama 47,000 nchi nzima, hali hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kuwa wenye ulemavu ni zaidi ya laki tisa. Si wote hao wanaohitaji kuangaliwa usiku na mchana. Hata hivyo, pengo ni kubwa.

Na mlango wa kuingilia ni mwembamba. Ili mtoto aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, sharti apimwe kwanza katika hospitali ya serikali. Mama atambebaje mgongoni mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa, mpaka barabarani, kisha mjini? Hivyo yule mwenye mzigo mzito kuliko wote ndiye mwepesi wa kuachwa nyuma. Dau la mnyonge haliendi joshi.

Afrika Kusini wanayo ruzuku maalumu kwa mlezi wa mtoto mwenye ulemavu mkubwa, mpaka mtoto atimize miaka 18. Nasi Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, imelitaja jukumu la dola kwa wasioweza kujikimu. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya ya watu wenye ulemavu badala ya ile ya 2003. Kilichobaki ni sheria hizo kufika mpaka jikoni kwa mama yule.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kutoka 705 hadi 715, anakumbukwa katika tarikhi kwa kumwekea kila kipofu mtu wa kumwongoza na kila asiyejiweza mtumishi wa kumhudumia, kwa fedha za hazina. Tazama busara yake: alijua kuwa haja kubwa ni mkono wa pili.

Basi nasi tujiulize. Sadaka zetu hufurika Ramadhani, na mtoto yule hula miezi 12. Je, mtaa mmoja hauwezi kushika nyumba moja, ukailipia nauli ya hospitali, na jirani akakaa na mtoto siku mbili kwa juma ili mama akachume riziki? Nasi wazazi tusimfiche mtoto kwa kuogopa maneno ya watu, kwani aliyefichwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapewi.

Moto wa Sachangwan ulizimika zamani. Huu mwingine ungali unawaka, na ndoo tunazo.