Mvua ya Kyela na Mizani ya Masharti

Ukiuliza, katika uwanda ule wa Kyela unaopitiwa na mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufirio kabla haijaingia Ziwa Nyasa, ni jambo gani liletalo mavuno mema ya mpunga, utajibiwa bila kusita kwamba ni mvua. Na jibu hilo, ijapokuwa ni la kweli, limechanganya maswali mawili ambayo Charles Ragin wa Marekani, aliyeuasisi uchambuzi linganishi wa kimaelezo kwa kitabu chake cha 1987, alitaka yatengwe. Je, mavuno hayapatikani illa kwa mvua? Hilo ni sharti la lazima. Je, mvua ikiwapo mavuno hayana budi kupatikana? Hilo ni sharti la kutosha.

Katika kupima, kila kijiji hupewa alama tangu 0 hadi 1, kadiri kinavyostahili kuhesabiwa miongoni mwa vijiji vya mvua nyingi, na vivyo hivyo kwa mavuno. Tuseme, kwa mfano tu, vijiji vinne vina mvua ya 0.9, 0.8, 0.7 na 0.6, na mavuno ya 0.8, 0.3, 0.6 na 0.2, kile cha pili mvua kilipata tele, ila mto ulifurika, maji yakalala mashambani hata miche ikaoza. Twaa alama iliyo ndogo katika kila kijiji, ujumlishe: 1.9. Ukiigawa kwa jumla ya mavuno, nayo ni 1.9, wapata 1, ulazima usio na doa. Ukiigawa kwa jumla ya mvua, 3.0, wapata 0.63, isiyofikia ile 0.8 ambayo watafiti wengi huidai kabla ya kukiri kwamba sharti latosha.

Lakini ni hiyo 1 ninayoishuku. Jambo lililoenea kila mahali, mfano wa hewa, halikosi kuwa nyuma ya kila natija. Kwa hiyo Carsten Schneider na Claudius Wagemann, mwaka 2012, walileta kipimo kingine: toa kila alama ya mvua katika 1, ujumlishe, kisha ugawe kwa jumla ya masazo ya zile alama ndogo zikitolewa katika 1. Hapa ni 1.0 kwa 2.1, yaani 0.48: ulazima upo, uzito wake hafifu. Mkulima wa Kyela, asiyejua hesabu hizi, masika yakikolea haulizi kama itanyesha. Huuliza maji yataondoka lini.

Kwa mizani hiyo hiyo namsoma mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, katika miaka ya 1930, na ambaye mwaka 1951 aliwalinganisha na Wapondo wa Afrika Kusini, akaihusisha tofauti ya itikadi zao za uchawi na ada ya Wanyakyusa ya kukaa vijijini na marika badala ya jamaa. Hoja ni nzuri. Lakini kaumu mbili, zilizotofautiana kwa mengine mengi, zatuonyesha tu kwamba mambo hayo yamefuatana, wala hazituambii kama kwingineko itikadi mfano wa ile ya Wanyakyusa imepata kukua pasipo vijiji vya marika, au vijiji hivyo kuwapo pasipo itikadi hiyo.