Kila Nishati Ina Mzazi Wake

Mafuta ghafi yaliyogunduliwa mwaka 2006 kando ya Ziwa Albert, magharibi mwa Uganda, huganda yakipoa, kama samli asubuhi ya baridi. Ndiyo maana bomba la kuyafikisha Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limesanifiwa lipashwe joto ili mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 hivi za Selsiasi safari nzima. Gharama ya kulipasha joto chanzo chake ni mwani ulioishi katika ziwa la kale, mamilioni ya miaka kabla ya mhandisi yeyote kuzaliwa.

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba ardhini kuna bwawa la mafuta lililotokana na mizoga ya dinosaria. Bwawa hilo halipo. Mafuta hukaa ndani ya vitundu vidogo mno vya mwamba, na wazazi wake ni viumbe wadogo wa majini waliojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Wakifa, karibu wote huliwa au huoza, na kaboni yao hurudi kwenye maji na hewa. Wachache huzama kwenye tope lisilo na oksijeni, wakafukiwa kabla ya kuoza. Hao wachache ndio mwanzo wa safari.

Tope jipya hufunika la zamani, karne baada ya karne, na uzito hulisukuma chini. Kwa wastani, kila kilomita moja ya kina huongeza joto kwa nyuzi 25 hadi 30. Mabaki yale hugeuka kwanza kuwa kerojeni, kitu kigumu kilichonaswa ndani ya mwamba. Joto likifika kati ya nyuzi 60 na 120 hivi, kerojeni huvunjika na kutoa mafuta. Likizidi hapo, minyororo ya kaboni hukatika vipande vifupi zaidi, mpaka inabaki gesi, hasa methani. Mafuta na gesi, kwa kuwa ni vyepesi kuliko maji, hupanda kupitia nyufa na vitundu hadi vizuiwe na tabaka la mwamba usiopenyeka. Pasipo na kizuizi hicho, huvuja hadi juu na kupotea.

Mwani wa maziwani huacha minyororo mirefu ya kaboni, yaani nta. Hiyo ndiyo siri ya kuganda kwa mafuta ya Uganda, na ndiyo sababu mafuta yaliyopatikana Turkana, Kenya, mwaka 2012 yana tabia ileile: yote yalizaliwa katika maziwa ya Bonde la Ufa.

Pwani ya Tanzania ina historia nyingine. Huko mashapo yalirundikana kwa unene wa kilomita nyingi, na kilichopatikana kwa wingi ni gesi. Kisiwani Songo Songo, wilayani Kilwa, gesi iligunduliwa mwaka 1974 katika mchanga wa kale uliogeuka jiwe, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100. Ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982.

Makaa ya mawe yalizaliwa na misitu. Maeneo ya makaa ya Ngaka, Mchuchuma na Kiwira, kusini mwa Tanzania, zamani yalikuwa na vinamasi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, wakati Afrika ilipokuwa imeungana na India, Australia na Antaktika katika bara moja la Gondwana. Miti iliyoanguka kwenye maji yaliyotuama haikuoza yote. Ilifukiwa, ikakamuliwa maji na gesi zake, ikabaki kaboni. Leo makaa hayo huchoma chokaa na udongo katika tanuri za viwanda vya saruji.

Matumizi nayo hufuata asili. Kiwandani, mafuta ghafi hupashwa joto, kisha kila sehemu hutengwa kwa kiwango chake cha kuchemka: gesi za mtungi, petroli, mafuta ya taa na ya ndege, dizeli, na mwisho kabisa lami ya barabara. Gesi ya mtungi wa jikoni ni propani na butani. Gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani. Hiyo husafiri kwa bomba hadi mitambo ya umeme ya Ubungo na Kinyerezi, na huendesha magari yaliyofungwa mitungi maalumu. Haidrojeni ya methani, ikiunganishwa na naitrojeni ya hewani, hutoa amonia, malighafi ya mbolea ya urea. Plastiki, rangi na dawa nyingi pia hutokana na mafuta na gesi.

Tunapochoma, tunarudisha hewani kaboni iliyofichwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Kabla ya enzi ya viwanda, kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwa na sehemu 280 hivi za kabonidayoksaidi. Sasa zimepita 420. Ongezeko hilo hunasa joto, na mkulima anayesubiri mvua ni miongoni mwa wanaolipa kwanza.

Hapo ndipo elimu ya asili ya mafuta inapotusaidia kuamua. Umeme unaweza kutoka kwenye maji, jua, upepo na mvuke wa ardhini. Ziwa jipya la mwani likianza kufukiwa leo, hakuna wa ukoo wetu atakayeyaona mafuta yake. Kwa hiyo gesi yetu tuipeleke kwanza pale ambapo mbadala wake ni mgumu kupatikana, kama mbolea ya mashamba na umeme wa kuziba pengo mabwawa yanapokauka, na fedha yake ijenge vyanzo vitakavyobaki visima vikiisha.