Limau usoni, Kimbo kichwani: urembo tuliofunzwa na majarida

Mwaka 1995 nilikuwa kidato cha pili, nikiwa na umri wa miaka 15, chunusi zisizohesabika na shangazi aliyefanya kazi ya ukarani jijini Nairobi. Chunusi zilikuwa shida yangu, na shangazi ndiye aliyeleta dawa. Kila alipokuja nyumbani Kanyakine alitubebea mkate, sukari na majarida makuukuu ya wasichana aliyonunua kwa wachuuzi wa kando ya barabara. Yalikuwa ya ng'ambo: Just Seventeen la Uingereza, lililoanza kuchapishwa mwaka 1983, na Seventeen la Marekani, ambalo ni la tangu 1944. Mengine hayakuwa na jalada. Picha za wavulana wa bendi zilikuwa zimeng'olewa zamani na wasomaji waliotutangulia. Lakini kurasa za mashauri ya urembo zilikuwa bado zipo, nasi tulizisoma jinsi mtahiniwa anavyosoma usiku wa kuamkia mtihani.

Leo mimi ni daktari. Nikiyakumbuka tuliyoyafanya kwa kufuata majarida yale, hucheka peke yangu. Kisha mlango hufunguliwa, akaingia msichana aliyejifunika uso kwa leso, nami nikaacha kucheka.

Lakini kwanza tucheke. Jarida moja lilikuwa limewagawa wasichana wote wa dunia katika makundi manne, kila kundi na msimu wake na rangi za nguo zinazolifaa. Ili ulijue kundi lako ulitakiwa kutazama mishipa ya damu ndani ya kifundo cha mkono. Ikiwa ya samawati, wewe ni wa rangi za baridi. Ikiwa ya kijani, wewe ni wa rangi za joto. Mimi na binamu yangu tulikaa juani asubuhi nzima tukigeuzageuza mikono bila kuona samawati wala kijani. Nyanya, aliyekuwa akichambua maharagwe hapo karibu, akatuuliza kama tumeumwa na nyoka.

Misimu yenyewe haikutuhusu. Huku Imenti Kusini tunajua mvua ya Aprili, mvua ya Novemba na ukungu wa Julai. Jarida halikuwa na ukurasa wa msichana anayekwenda kuchuma kahawa. Lilikuwa, hata hivyo, na ushauri wa kujipaka mafuta ya watoto na kulala juani ili ngozi ishike rangi. Huo tuliuruka. Rangi hiyo tulikuwa tukiipata bure shambani.

Suruali za jinzi nazo zilikuwa na somo lake. Ili ikubane vizuri, jarida lilisema, ivae kisha uketi katika hodhi la maji ya moto mpaka ikuambate mwilini. Hodhi hatukuwa nalo. Tulikuwa na karai. Binamu yangu aliketi ndani ya karai hilo nyuma ya jiko, mwezi wa Julai, akiwa na suruali ya mitumba iliyokuwa tayari imembana kabla ya kuloa. Tulimtoa kwa kuvutwa na watu wawili. Ni huyo huyo aliyenunua viatu vyenye soli nene kama tofali na kuvivalia kanisani siku ya mvua, kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Mpaka leo kifundo chake cha mguu humwambia mvua itanyesha lini.

Na nywele? Jarida lilitaka tupake mayonezi. Hakuna duka lililokuwa likiuza mayonezi hapo sokoni siku hizo, na sisi hatukujua hata ladha yake. Tuliitazama picha tukakata kauli kwamba kitu cheupe, laini, kilicho ndani ya mkebe, hakiwezi kuwa kingine ila Kimbo. Rafiki yangu alijipaka vijiko vinne Jumamosi asubuhi. Kufikia saa saba mchana mafuta yalikuwa yameyeyuka na kumtiririkia shingoni, na kila aliyepita karibu naye aliuliza ni nani anayepika chapati.

Hayo yote hayakumuumiza mtu sana, ukiacha kile kifundo. Nguo huvuliwa, na mafuta huoshwa kwa sabuni. Ngozi ndiyo iliyotugharimu.

Likizo ya Agosti mwaka huo nilikata limau, nikajisugua uso mzima, nikaketi juani ili likauke vizuri. Jarida lilikuwa limesema limau hufifisha madoa na kukausha chunusi. Lilisema pia kwamba hung'arisha nywele za manjano, jambo ambalo lingenifungua macho kuhusu msomaji aliyekusudiwa. Nilirudia siku tatu. Siku ya nne shavu la kushoto lilikuwa na malengelenge, na yalipopasuka yaliacha baka jeusi lililokaa mpaka mwaka uliofuata. Shuleni wenzangu waliniita Ramani. Mwalimu mmoja wa jiografia aliona ni jina zuri, akaliendeleza.

Niliyajua maelezo yake miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha udaktari. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo tu. Kipimo chake cha pH huwa karibu na 5. Maji ya limau yako karibu na 2, maana yake ni kwamba ukali wake unazidi ule wa ngozi karibu mara elfu moja. Isitoshe, limau, na hasa ndimu, lina kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza. Kwa hiyo limau lenyewe lilikuwa kosa, na kukaa juani kulikuwa kosa la pili.

Kisha kuna jambo ambalo majarida yale hayakulitaja hata mara moja, kwa kuwa hayakuandikiwa sisi. Ngozi nyeusi ikichokozwa, iwe kwa chunusi, kuungua au kusuguliwa, mara nyingi hujibu kwa kuzalisha rangi zaidi mahali hapo. Chunusi yenyewe yaweza kwisha kwa wiki moja, lakini doa lake likadumu miezi. Dawa yoyote inayowasha na kuchoma, hata ikiikausha chunusi, hutuachia doa baya kuliko lile tuliloanza nalo. Msichana wa London aliweza kujipaka limau akawa mwekundu siku mbili. Mimi nilikuwa Ramani mwaka mzima wa shule ukaisha.

Dawa ya meno, ambayo tulijipaka juu ya kila chunusi kabla ya kulala, iko katika fungu hilo hilo. Ina viungo vinavyosafisha meno na kutia ubaridi kinywani, na viungo hivyo huichoma ngozi ya uso. Kusugua kwa sukari nako hakukusaidia, mbali na kumfanya mama afunge kabati kwa kufuli. Chunusi si uchafu. Katika umri wa kubalehe homoni huzifanya tezi za ngozi zitoe mafuta mengi, vitundu vikaziba, na bakteria wanaoishi humo siku zote wakapata nafasi ya kuzaana na kuleta uvimbe. Ukizisugua, unapasua ukuta wa kitundu kutoka ndani na kueneza uvimbe.

Hata kuhusu chakula tulikaripiwa bure. Jarida lilitukataza chokoleti. Sisi tuliokuwa tukiionja wakati wa Krismasi pekee tulishangaa chunusi za Machi zilitoka wapi. Hata hivyo nikiri kwamba hapo halikukosea kabisa: utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba vijana wa kiume waliopunguza vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka walipata nafuu ya chunusi. Kwa hiyo soda na mandazi ya kila siku ndivyo vya kutiliwa shaka kuliko ile chokoleti ya Krismasi.

Just Seventeen lilifungwa mwaka 2004. Ushauri wake haukufungwa. Sasa unamfikia binti kwenye simu, ukitolewa na msichana mwenye uso laini kama yai, na mara nyingi unaishia na jina la krimu.

Krimu hizo ndizo zinazoninyima raha. Limau liliniunguza waziwazi, nikaliacha. Krimu yenye steroidi kali, kama vile klobetasoli au betamethasoni, hufanya kinyume: wiki za mwanzo chunusi hutulia, uso hung'aa na kuwa mweupe kidogo, na kila mtu humsifu binti. Baada ya miezi ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo huonekana, nywele humea mashavuni, na chunusi hurudi zikiwa nyingi kuliko za mwanzo. Akiiacha ghafla uso huwaka moto, basi huirudia. Nyingine zina haidrokwinoni, na nyingine zebaki, ambayo huingia mwilini na kuharibu figo. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 nao ulizilenga krimu za zebaki. Bado zinauzwa. Mara nyingi kilichomo hakiandikwi kwenye mkebe.

Msichana wa leso niliyemtaja alikuwa na umri wa miaka 16. Alikuwa ametumia krimu ya aina hiyo kwa miezi minane, na kabla ya hapo limau. Sikumgombeza, ningepata wapi ujasiri? Nilimwonyesha shavu langu la kushoto, ambalo ukilitazama kwa makini bado lina kivuli. Tulikubaliana aipunguze krimu polepole chini ya uangalizi wangu, aoshe uso kwa sabuni isiyo kali mara mbili kwa siku, ajikinge na jua, na baadaye aanze dawa ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 kwa kiasi kidogo. Nilimwonya kwamba hataona tofauti kabla ya wiki sita au nane, na kwamba dawa hiyo hufifisha rangi ya taulo, kwa hiyo asitumie ya mama.

Mama mwenyewe alikuwa ameketi kando yake muda wote, kimya. Ni mwanamke wa rika langu. Binti alipotoka kwenda kulipa, mama alibaki, akarudisha mlango, akafungua mkoba. Alitoa tyubu ndogo iliyokunjwa mpaka shingoni, akaiweka mezani mbele yangu.

"Daktari," akasema, "hii ni yangu. Ni mwaka wa kumi na mbili."